Filamu Mbili za Swaumu

Kila alasiri Swaumu aliteka maji bombani, akamsaidia bibi yake jikoni, kisha akapita studio ya jirani yao, Mzee Abbasi mpiga picha, kumwamkia. Walikaa Tabora mjini, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Kwihara. Alikuwa darasa la sita, na maswali yake yaliwachosha watu wazima.

Mwaka ule wa 1980, Mwalimu Apolinaria wa sayansi aliwaambia jambo lililomnyima Swaumu usingizi.

"Wataalamu wanahisi angani kuna maada isiyong'aa. Nyota zinakwenda kana kwamba kuna kitu kizito kinazivuta. Wengine wanadhani chembe za maada hiyo zikigongana, huenda zikatoa mionzi ya gama. Hata mionzi hiyo hatuioni, ila vyombo huinasa."

"Kwa hiyo, mwalimu, kisichoonekana kinatafutwa kwa kisichoonekana?" Swaumu aliuliza. Darasa likacheka.

"Ndiyo. Atakayetuonyesha kwamba mionzi ya namna hiyo ipo, ataiwakilisha shule kwenye maonyesho ya mkoa."

Babu yake Swaumu, Mzee Mfaume, alikuwa na saa ya tangu enzi za kazi yake ya reli, yenye mishale inayong'aa gizani. Swaumu alipoitaja, mwalimu alieleza kuwa rangi ya mishale ile ina rediamu, madini yatoayo mionzi iachayo doa kwenye filamu ya picha hata ikiwa imefunikwa, akamkanya Swaumu asiifungue kamwe.

Wakati ule filamu ilikuwa adimu kama sabuni. Hata hivyo, Swaumu alipomwomba, Mzee Abbasi alikata vipande viwili, akavifunga kila kimoja kwa karatasi nyeusi. "Kimoja kiweke chini ya saa, mjukuu wangu. Kingine kikae bila saa, tuone tofauti."

Nyumbani kwao kitu cha amana hakikulala nje ya sanduku la bibi. Basi Swaumu aliweka filamu moja chini kabisa ya sanduku, juu yake ya pili, na saa juu ya zote. Bibi akafunga kwa ufunguo.

Juma lililofuata Mzee Abbasi alizisafisha. Filamu iliyogusana na saa ilikuwa na doa jeusi la mviringo. Ile nyingine nayo ilikuwa na doa, lililofifia. Swaumu alizilinganisha tena. Kama hata isiyo na saa ina doa, atathibitisha nini?

"Hiyo itupe," alinong'ona Dionis, mwanafunzi mwenzake aliyefuatana naye studio. "Peleka moja. Nani atajua?"

Swaumu aliyatamani sana maonyesho. Lakini kesho yake aliziweka zote mbili mezani kwa mwalimu. "Nimeharibu filamu za Mzee Abbasi, nikatamani kuitupa hii ya pili," alisema huku machozi yakimlengalenga.

"Hii ya pili uliiweka wapi?"

"Chini ya ile ya kwanza. Bibi hataki amana zitengane."

Mwalimu alitabasamu. "Basi huenda mionzi imepenya ya kwanza ikafika ya pili. Lakini hilo bado ni kudhani tu. Jaribu tena, uzitenge."

Swaumu alirudi studio kwa aibu, akasema yote. Mzee Abbasi alimsikiliza, akaingia chumba cha giza, akatoka na vipande vingine. "Njia ya mwongo fupi. Ungenificha, nisingekupa hata ukucha. Safari hii kimoja kitabaki kwangu."

Kilichokaa na saa kilipata doa. Kilichobaki studio kilitoka safi kabisa. Swaumu aliushika mkono wa Mzee Abbasi, akamshukuru.

Kwenye maonyesho alitundika filamu zote nne. Mwalimu Apolinaria aliwakusanya wanafunzi mbele yake.

"Wanaotafuta ile maada ya angani wakinasa mionzi, kwanza huuliza kama haikutoka kwenye nyota za kawaida. Anayetafuta kisichoonekana akijidanganya, hana pa kusahihishwa. Mwenzenu angeitupa filamu hii yenye doa lililofifia, angekuja hapa na jibu sahihi asilokuwa na haki ya kulisema."

Kisha akasema, "Nyote mshukuruni Mzee Abbasi kwa filamu alizotoa. Mimi namshukuru Swaumu kwa ile aliyotamani kuitupa."