Anayegonga Ndani ya Chombo

Chombo kilikuwa kitupu. Marzhan alikuwa na hakika, maana yeye ndiye aliyetoka wa mwisho, akapanga vifaa vyake kwenye trei, akafunga mlango wa duara, akaandika saa: nne na robo asubuhi. Ndipo kitu kikagonga kutoka ndani.

Ko. Ko.

"Chuma kinapoa," alisema Gennady Lvovich, mkuu wa karakana, bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake.

"Kinapoa na nini, bosi? Hakijawashwa."

"Basi kinapata joto. Marzhan, tuna siku sita. Usiniletee hadithi za chuma."

Siku sita zilikuwa na sababu yake. Pale kwenye kituo cha roketi, katikati ya nyika ya Wakazakh, ifikapo tarehe ishirini na nne Oktoba hakuna mtu anayegusa hata skrubu. Siku hiyo, zamani, moto uliwala watu uwanjani. Mainjinia wenye shahada tatu tatu watakwambia wanakaa nyumbani kwa heshima tu. Heshima gani hiyo inayotetemesha mikono? Waliogopa, basi, na kwa kuogopa tarehe hiyo walikimbizana ili roketi iruke ishirini na tatu. Kazi ya wiki mbili ikafanywa kwa wiki moja.

Kazi ya Marzhan ilikuwa kupima kama chombo kinavuja hewa. Akishatia saini, watu watatu wanafungiwa humo na kurushwa juu ya mawingu. Safari hii mmoja wao alikuwa Tair, waliyesoma naye darasa moja, aliyekuwa akimwibia maandazi kwenye mkoba wa shule. Wiki iliyopita Tair alikula kwake, akamtania, "Wewe piga saini polepole bwana. Saini yako ndiyo koti langu kule juu."

Kesho yake, saa nne na robo, ko, ko. Safari hii ilikuja na harufu ya sufu inayoungua. Mafundi wakatazamana. Mmoja akadondosha spana, naye alikuwa Daulet, mdogo wake Marzhan, fundi wa kutoboa mabati. Wenzake wakamcheka.

"Daulet, mkeo amekufuata kazini!"

"Nyamazeni," alisema Daulet. Uso ulikuwa umemwisha damu.

Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Fundi wa nyaya alitoka ndani ya chombo kwa magoti, akaapa kwamba kuna mtu aliyempumulia shingoni, na kwamba pumzi yenyewe ilikuwa baridi. Baada yake watu wakaanza kuumwa tumbo, kila mmoja zamu yake ya kuingia ikifika.

"Nitaingia mimi," Marzhan akasema. Angeweza kusema nini? Koti la Tair lilikuwa mikononi mwake.

Aliingia na kipimo chake, akachuchumaa kati ya viti vitatu, akasema bismillahi kwa sauti ndogo ili Warusi wasimsikie, na alipouegemeza mgongo ukutani akaanza kusoma namba, ile harufu ya sufu ikashuka kutoka juu kama mtu aliyetandika blanketi la kuungua kichwani pake, na kipimo kikamtetemeka mkononi ingawa mkono wenyewe ulikuwa umetulia, na pale nyuma ya sikio lake la kulia, si mbali, si nje, bali katika bati lenyewe alilokuwa ameliegemea, lile lisiloonekana likagonga mara moja, kisha likasikika likitambaa taratibu ukutani, likipita chini ya kiti cha kati, likipanda upande wa pili, likagonga mara ya pili, likanyamaza kama linasubiri jibu.

Marzhan alitoka bila viatu.

"Bosi, humu mna jini," alisema. "Niandikie barua ya kufukuzwa ukitaka. Tusipolitoa, mimi sitii saini."

Gennady Lvovich alisogea karibu yake. Kisha akanong'ona, "Nimelisikia tangu Jumatatu. Huyo bibi yenu wa mtoni, Kanipa, bado yu hai?"

Wakamwingiza mganga mchana kweupe, amevaa ovaroli nyeupe na kofia ya karatasi. Kwenye kibali cha getini Gennady aliandika kwa mkono wake: mtaalamu wa hewa. Bibi Kanipa alikizunguka chombo mara saba, akakipiga kofi kama ngamia mkaidi, akatoa fungu la adraspan, majani makavu ambayo kila nyumba huko huyafukiza mgonjwa akizidiwa.

"Ni la nyika hili," alisema. "Lilikuwa hapa kabla ya saruji yenu. Fungeni mlango, moshi ulikabe vizuri."

"Bomba la hewa je?" Marzhan aliuliza, maana bomba lilikuwa bado linasukuma hewa ndani.

"Liache. Lisukume moshi."

Wakafunga. Kanipa akaanza kuita na kutukana kwa Kikazakh cha zamani, jasho likimtiririka, na ndani ya chombo kukawa na kishindo, kisha kilio chembamba kilichomfanya Gennady Lvovich, mwanachama wa miaka thelathini wa kutoamini chochote, ashike msalaba uliofichwa ndani ya shati lake. Halafu kimya. Na kutoka ukutani, mahali pasipo na tundu lolote kwenye michoro, ukatoka uzi wa moshi.

Marzhan alipasugua kwa ukucha. Rangi ikabanduka, na chini yake ikatokea gundi iliyopasuka. Kulikuwa na tundu la drili.

"Mungu wangu," alisema Gennady. "Hewa ingewaishia huko huko juu. Nani kafanya hivi?"

Marzhan aligeuka akamwona Daulet amekodolea macho sakafu, akajua. Akajua pia kwamba akiuliza, mama yao atampoteza mwanawe gerezani. Hakuuliza. Tundu likachomelewa vizuri, kipimo kikatulia, naye akatia saini.

Getini, Bibi Kanipa alikuwa hana raha. "Limetoka," alisema. "Lakini halikupigana nami. Lilinishika mkono, kama mtu anayetaka kukuonyesha kitu. Ndicho kile kilio. Basi nikalifukuza, mwanangu, si ndicho nilichoitiwa?"

Tarehe ishirini na tatu roketi iliruka salama. Watu wakakumbatiana. Ishirini na nne wote wakajifungia majumbani, na Marzhan alikuwa anamimina chai ya maziwa Daulet alipoingia bila kuvua koti.

"Dada, lile jini lilikuwa likigonga mara ngapi?"

"Mara mbili. Kwa nini?"

Daulet alikaa chini pale pale mlangoni. "Drili ilinitereza mara mbili. Nilikuwa nakimbizwa, dada. Nikaziba kote kwa gundi. Mlipopata tundu moja nikasema labda gundi ya la pili itashika."

"Lipo wapi la pili? Daulet! Lipo wapi?"

"Nyuma ya mabati ya ndani. Sikumbuki upande."

Marzhan hakulia. Alimwinua mdogo wake kwa ukosi wa koti, akamtoa nje, wakapita mitaa mitupu siku ambayo hakuna anayetoka, hadi chumba cha redio. Gennady Lvovich alikuwa hapo tayari, kijivu usoni. Hewa ya chombo ilikuwa inashuka tangu asubuhi.

"Mabati ishirini na sita," sauti ya Tair ilisema kutoka kwenye kipaza sauti. "Tumefungua matano. Marzhan yupo hapo?"

"Nipo, Tair. Ni kosa letu. Ni kosa langu."

"Tutagombana nikirudi. Hewa ya muda gani?"

"Dakika arobaini," alisema Gennady.

Wakawa wanasikiliza skrubu zikifunguliwa, pumzi za watu watatu, mtu akitukana. Kisha Tair akasema taratibu, "Jamani. Nani kati yenu anagonga?"

Hakuna aliyekuwa anagonga.

"Nyuma ya kiti changu. Mara moja. Na kuna kitu kinanuka kuungua... sufu?"

"Fungua hapo!" Marzhan alipiga kelele. "Hapo hapo linapogonga! Fungua!"

Baada ya muda usiopimika Tair alicheka, kicheko kibaya cha mtu aliyetoka kaburini. Kidole gumba chake, alisema, kilikuwa juu ya tundu.

Magazeti yaliandika kuwa ni bahati. Tair alirudi, akagombana na Marzhan kweli, kisha akala kwake. Daulet alipelekwa mahakamani, na dada yake akatoa ushahidi mama yao akimtazama. Bibi Kanipa hakuitwa tena.

Mwezi wa nne kililetwa chombo kipya, kutoka karakana nyingine, ambacho Daulet hakuwahi hata kukiona. Marzhan alikipima mara mbili. Hakikuvuja. Alikuwa ameshashika kalamu, saa nne na robo asubuhi.

Ko. Ko. Ko.

Gennady Lvovich aliweka kikombe chake chini.

"Matundu matatu," alisema. "Leteni bisibisi."