Flashi ya Saa Kumi na Mbili

Kila siku nikitoka shuleni Myanga nilichota maji, nikafagia ua, kisha nikamsaidia Kukhu, nyanya yetu, kukoka moto. Saa kumi na mbili jioni simu yake ililia mara mbili na kukatika. Hiyo ilikuwa flashi ya Kuka, babu yetu, akiwa njiani kutoka Kitale alikouza mahindi. Maana yake ilikuwa, "Weka maji ya ugali." Bahili yule hakuwahi kupiga ili aongee.

Mwezi wa Machi 2008 Kuka alifariki. Wazee waliagiza azikwe na koti lake na simu yake, kwa sababu hakuachana navyo. Mimi Nabwile, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye niliyetumwa kuitia simu mfukoni mwa koti. Niliitia, lakini kwanza niliichomoa laini. Nilimpenda Kuka mno, nami nilitaka kubaki na kitu chake. Niliificha laini hiyo ndani ya simu kuukuu ya dada yangu Agneta.

Baada ya matanga Kukhu alikataa kula. Siku ya tano, saa kumi na mbili, nilisimama nyuma ya ghala nikaflashi simu yake. Nikachungulia. Kukhu alilitazama jina la Kuka kwenye kioo kwa muda mrefu, akainuka, akaweka maji ya ugali. Alipakua sahani mbili. Alikula, nami nikafurahi ajabu. Basi nikaendelea kila jioni.

Wiki ya pili nilianza kuogopa. Kukhu alizungumza na kiti kitupu. Aliuliza swali, akanyamaza, akatikisa kichwa, kisha akacheka polepole. Jioni moja aliniambia, "Nabwile, Kuka amesema nijitayarishe. Ati Jumapili tutakuwa pamoja."

Mimi nilikuwa nimeflashi tu. Nani alikuwa amesema?

Jioni iliyofuata niliizima kabisa ile simu kuukuu. Saa kumi na mbili ilipofika, Kukhu aliinua kichwa. "Amepiga," akasema. Simu yake ilikuwa mezani mbele yetu, kimya.

Kesho yake alikunja nguo zake zote, akawagawia majirani sufuria, akaacha kumeza dawa zake za presha.

Jumamosi Agneta alifika. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea mitandao ya simu za mkononi, na wakati huo alikuwa Kitale akifanya mazoezi ya kazi kwenye minara ya simu. Jirani yetu, Mzee Wekoye, alimpokea uani.

"Si mfukue kaburi mtoe hiyo simu, bana! Mzee anamwita mke wake."

"Mzee wangu, betri ya simu hiyo ilikwisha zamani," Agneta akajibu. "Tena mnara hautambui kaburi. Unatambua laini. Laini ikipiga, jua kuna mtu aliye hai anayebonyeza. Nani aliitia simu mfukoni?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini vidonge vya Kukhu vilikuwa pale dirishani, siku ya pili havijaguswa. Nikapiga magoti mbele yake, pale mlangoni alipokuwa ameketi.

"Kukhu, ni mimi. Niliiba laini. Nilitaka ule."

Nilingoja kofi. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo, "Na juzi pia ulikuwa wewe?"

"Juzi sikupiga, Kukhu. Nilizima simu."

Alijifunika uso kwa leso, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. "Basi hakuna aliyepiga," akasema. "Mzee ameenda."

Agneta alimletea dawa na maji, naye akameza. Mimi nilimkabidhi Kukhu laini kwa mikono miwili, machozi yakinitiririka. Aliniinua akanikalisha kando yake.

"Mjukuu wangu, uongo wa huruma nao ni uongo. Ulinipa ugali, ukaninyima kuomboleza. Siku nyingine ukitaka nile, njoo uniambie, 'Kukhu, kula.' Nitakula."