Karata za Kutupa

Simu iliita saa mbili asubuhi, Kambarage, Shinyanga.

"Unajua poka?"

"Najua karata za arubastini tu, mkuu."

"Una siku tatu za kujifunza."

Simu ikakatika.

Apolonia, jasusi kwa miaka kumi na miwili, hakushtuka. Tangu wamzike mumewe Donatus, aliyepigwa risasi na mtorosha dhahabu aitwaye Eustace alipokuwa akilipekua gari lake, hakuna kilichomshtua. Hata kulia hakulia.

Mwalimu wake alikuwa Mama Philomena, aliyewahi kugawa karata kasino ya Mwanza. Walichezea punje za karanga.

"Mbili zako, tano za mezani. Humo unatafuta tano bora. Jozi inapigwa na jozi mbili, jozi mbili zinapigwa na tatu za aina moja. Zamu yako ikifika unafuata dau, unaongeza, au unatupa."

"Wanaoanza wanakosea wapi, mama?"

"Kwenye kutupa. Mtu akishika karata nzuri anadhani amelazimishwa kuzicheza." Akamtazama. "Uso mkavu unao tayari, mwanangu. Pole."

Siku ya nne, saa tisa alasiri. Ukumbi wa nyuma wa gesti, Kahama.

Bastola ya Glock ndani ya pochi. Kidude cha mawasiliano sikioni, chini ya kilemba.

Nje, mwenzake Magesa alikuwa chini ya Land Cruiser ya Eustace, akifungua tanki la mafuta kutafuta dhahabu. Eustace akishinda hukaa. Akiishiwa vibao vya kuchezea, huinuka papo hapo na kwenda garini. Leo angemkuta Magesa.

"Mwadila, mayu," Eustace alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

Apolonia alichungulia karata zake. Wafalme wawili. Mezani akatoka wa tatu.

Eustace akasukuma vibao vyake vyote katikati.

"Bado dakika nne," Magesa alinong'ona sikioni.

Apolonia aliutazama mkono ule uliomuua Donatus. Akaisubiri hasira. Haikuja.

"Natupa."

Eustace alicheka, akafunua jozi ya saba. "Umekimbia saba, mayu. Haya, gawa tena."

Akajiegemeza kitini.

Mchezo wa pili haujaisha, sauti ya Magesa ikaja. "Ninayo. Vipande kumi na moja."

Polisi waliingia kwa milango yote miwili.

"Nilikuwa na wafalme watatu," Apolonia alimwambia Eustace alipokuwa akifungwa pingu. Kicheko kikamfutika usoni.

Nje alimpigia Mama Philomena.

"Umeshinda?"

"Nimetupa wafalme watatu, mama."

"Umelia?"

"Bado."

Akasimamisha bajaji, akapanda.