Aliyelala Kwenye Droo ya Soksi

Mambo haya yalitokea mchana kweupe, watu wameshiba na jua liko utosini, maana jini la nyumba ile halikuwa na haja ya giza. Giza ni la majini yenye aibu. Hili lilikuwa limekaribishwa.

Ilianza harufu tu. Mama mwenye nyumba, fundi cherehani, alikuwa sebuleni anapiga pindo la sketi ya mteja, akasikia harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa ikazimwa. Akaenda jikoni. Jiko limepoa. Akarudi, akakanyaga cherehani, na harufu ikarudi, safari hii imechanganyika na mafuta ya mashine. Akanusa cherehani. Akanusa mikono yake. Mwisho akaifuata pua yake mpaka chumbani, mbele ya kabati la nguo, kwenye droo ya juu ya soksi za mumewe. Ilikuwa wazi kiasi cha vidole viwili.

Akaifunga. Alipofika mlangoni akageuka. Iko wazi, vidole viwili.

Sasa huyo mume. Huyo alikuwa fundi saa, na kazini hakuna mtu mwangalifu kama yeye. Parafujo ndogo kama jicho la sisimizi anaiweka kwenye kizibo, anakifunika kwa glasi, na mteja akipiga chafya karibu na meza anafukuzwa kama kuku. Lakini wezi walipovunja kibanda chake, aliomba kibali, akapewa, akanunua bastola, na siku ile ile akili ikamtoka kwa mlango wa uani. Akaanza kutembea kifua mbele. Akaanza kukohoa kabla ya kusema. Mtaa ukamwita Kamanda, kwa dhihaka, naye maskini wa Mungu akadhani ni heshima. Mama yangu alikuwa na neno lake juu ya watu wa namna hiyo: panya akiazima meno ya simba, wa kwanza kuumwa ni watoto wake.

Na hicho chuma alikiweka wapi? Kwenye droo ya soksi. Parafujo inafunikwa kwa glasi, mauti yanafunikwa kwa soksi yenye tundu kwenye kisigino!

"Baba Kifungo," mkewe alimwambia siku ile, "kile kitu kifungie mahali."

"Hakina kitu."

"Umejuaje?"

"Kila nikiingia natoa magazini na risasi zake zote, naiweka pembeni. Haya niambie, saa ukiitoa betri, imekufa au haijafa?"

"Mimi nashona nguo, saa sizijui."

"Basi waachie wanaozijua."

Hapo ndipo alipopotelea, na hakuna mwingine angepotelea pale isipokuwa fundi saa. Maisha yake yote ameona kitu kimoja: toa betri, mashine inalala. Akadhani kila mashine duniani ina adabu za saa zake.

Kesho yake ikaja sauti. Ti. Ti. Ti. Saa nane mchana, mtaa umetulia, na ndani ya droo hamna saa hata moja, maana Kamanda kazi za watu haleti nyumbani. Mama akaweka sikio kwenye mbao. Ikanyamaza. Akaondoa sikio. Ti. Ti. Ti. Kama mtu anayegonga jino kwa ukucha akisubiri.

Mtoto wao alikuwa mmoja, wa kike, miaka sita, Jumatatu anaanza shule. Walimwita Kifungo kwa sababu alikuwa anatambaa chini ya cherehani tangu hajajua kutembea, anaokota vifungo vilivyoanguka na kumrudishia mama yake. Siku ya tatu mama alimkuta chumbani, amesimama mbele ya kabati, kichwa juu, anaitikia kwa adabu kama anayezungumza na mgeni.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na Shangazi."

"Shangazi yupi? Shangazi zako wako mbali."

"Huyu wa ndani. Anasema baba amemng'oa meno." Mtoto akainua kidole kimoja. "Limebaki moja tu. Anasema nikipanda kiti atanionyesha."

Mama akamnyanyua mtoto, akamtoa. Akachukua kiti cha chumbani akakipeleka uani, akakiegemeza ukutani, akarudi kushona. Na alipochungulia tena chumbani, hata pindo moja hajalimaliza, kiti kilikuwa kimerudi mbele ya kabati, kimesogezwa sawasawa, kimegeuzwa upande ambao mguu mdogo unaweza kukanyaga bila kuteleza, na juu yake kulikuwa na soksi moja imekunjwa vizuri, kama mto anaotandikiwa mgeni.

Alipomwambia mumewe, mumewe alicheka.

"Kwa hiyo bastola yangu ina shangazi? Siku hizi unashona au unavuta uzi kwa pua?"

"Cheka. Mimi nakwenda kumwita Mjane."

Mjane wa Sajenti alikuwa mwanamke mfupi, mkavu kama kuni, na mtaani ndiye aliyekuwa akitoa majini. Alifika wakati wa chakula cha mchana. Kamanda alikuwa nyumbani, yuko na mdogo wake, muuza vipuri wa nyumba ya pili, mtu wa kucheka kila kaka yake anapofungua mdomo. Mjane akasimama kizingitini, akavuta pumzi mara moja, wala hakuingia.

"Ubani nimeuacha nyumbani," alisema. "Siupotezi kwa upuuzi."

"Mama, kuna kitu humu," mke alinong'ona.

"Kipo. Wala hakikutumwa na mtu. Hili ni jini vivu, halihangaiki. Linakaa penye mtu aliyesema 'hakina kitu' na hakuangalia." Akamgeukia Kamanda. "Wewe. Umeangalia?"

"Nimetoa magazini."

"Sikukuuliza umetoa nini. Ukishatoa hiyo, unavuta chuma cha mgongoni nyuma, unachungulia ndani kwa jicho, unatia na kidole. Ndani kuna chemba, tundu inamolala risasi inayongoja kutoka, na chemba hubaki na risasi yake peke yake. Umeangalia?"

"Bibi, endelea na majani yako. Chuma tuachie wanaume."

Mjane akafungua pindo la khanga, akatoa saa kuukuu ya mkononi, kioo kimepasuka, inapiga ti ti ti.

"Fundi, nitolee betri yake."

Kamanda akaigeuza. Akaigeuza tena. "Hii ni ya kujaza kwa mkono. Ya springi. Haina betri."

"Lakini inatembea?"

Mdogo mtu akaachia kicheko, kisha akakiua kwa kikohozi alipoona uso wa kaka yake.

"Ni ya marehemu," alisema Mjane. "Sajenti, miaka ishirini na mbili ya kazi. Alikufa barazani kwake anasafisha bunduki. Nilimwambia, baba, angalia vizuri. Akaniambia, hamna kitu humu. Hilo ndilo neno lake la mwisho duniani, na mimi ndiye niliyelisikia." Akaichukua saa yake, akaifunga tena kwenye pindo la khanga. "Nitakaa kwenye ngazi ya jirani. Mtaniita. Mungu ajaalie mniite mapema."

Akatoka.

Mtu mwenye akili angeona haya. Kamanda aliona hasira. Kuchekwa na mdogo wake mbele ya mke! Akasimama, akakohoa, akasema, "Njoo chumbani, mdogo wangu, nikuonyeshe ujinga wa waganga."

"Baba Kifungo, tafadhali!" Mke alimshika mkono wa shati. Akamkung'uta kama vumbi.

Chumba na sebule vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Upande wa chumbani kulikuwa na kitanda. Upande wa sebuleni, penye cherehani, kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ilitundikwa sare mpya ya Kifungo. Mtoto aliililia tangu asubuhi aivae, mama akamkatalia kwa sababu ilikuwa bado na pini. Basi akabaki amesimama mbele yake, pua inagusa kola, anaitazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Kamanda akavuta droo. Ti, ti, ti, ikanyamaza. Akaitoa bastola. Akachukua na magazini iliyokuwa pembeni yake, akaitupa kitandani ili kila mtu aione. "Betri ile pale," alisema. "Saa imekufa." Akaelekeza mtutu ukutani, maana wajinga hudhani ukuta ni mwisho wa dunia, akaweka kidole, na mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni katikati ya vyumba viwili, akaisikia harufu ile ya kiberiti ikimpita usoni kama pumzi ya mtu anayefurahi, akasikia sauti nyembamba, tamu, ya kike, ikisema kutoka ndani ya ngumi ya mumewe, "Asante, kaka," na kabla hajapiga kelele nyumba nzima ikapasuka.

Vumbi la mbao linaanguka polepole. Mdogo mtu ameketi sakafuni, suruali imelowa. Kamanda ameshikilia kile chuma mbali na mwili wake, mdomo wazi, kifua kimerudi ndani.

Mama alikimbilia sebuleni. Sare ilikuwa inayumba kwenye msumari. Kifuani, upande wa kushoto, palipokaa mfuko, kulikuwa na tundu la duara, kingo zake nyeusi.

"Kifungo!"

Akachungulia nyuma ya mlango.

"Kifungo! Mwanangu! Itika!"

Akaita tena na tena, akavuta pazia, akasukuma kikapu cha vitambaa, akafungua mlango wa nje na kuufunga bila kujua anafanya nini, na kila alipogeuka aliiona ile sare ikiyumba, haitulii, kana kwamba ndani yake kuna mtoto anacheza, mpaka akajikwaa kwenye kikapu akaanguka chini, na alipoanguka ndipo alipoona, chini ya meza ya cherehani, miguu miwili midogo.

Mtoto alikuwa amejikunja, mikono masikioni. Alikuwa mzima. Hakuwa amesikia akiitwa, maana masikio yalikuwa yanalia kengele. Kwenye kiganja alikuwa na kifungo cheupe.

"Kilianguka kwenye sare, nikakifuata," alisema kwa sauti kubwa, kama kiziwi. Kisha akatazama mlango wa chumbani, uso wake ukakunjamana. "Mama, mbona Shangazi anacheka?"

Mjane hakungoja kuitwa. Aliingia na ndoo ya mchanga, akaikita sakafuni mbele ya Kamanda.

"Mtutu kwenye mchanga. Kidole nje ya kifyatulio. Nje, nimesema! Sasa vuta nyuma. Chungulia. Unaona nini?"

"Si... sioni kitu."

"Tia kidole. Usiniambie unachodhani, niambie unachogusa."

"Hamna kitu."

"Rudia. Jicho na kidole."

Akamrudisha mara tatu, yeye anatokwa machozi na kamasi, na kila mara alipochungulia ile sauti ya Shangazi ilipungua, mpaka ikawa kama mbu.

"Mimi sijaua mtu hata mmoja," ililalamika. "Sina hata mkono. Mimi hungoja tu. Makaburini nilipata baridi. Huyu alinitandikia soksi."

"Toka," Mjane aliiambia, kwa uchovu wa mtu anayefukuza mbuzi. "Wajinga wako wamekwisha humu."

Harufu ya kiberiti ikapita dirishani. Mjane akalitazama dirisha kwa muda mrefu.

"Limekufa?" mke aliuliza.

"Nimesema limetoka."

Kabla jua halijazama, sanduku la chuma lilikuwa limepigiliwa ukutani, bastola ndani, kufuli nje. Risasi kwenye sanduku jingine, kufuli jingine, chumba kingine. Funguo hazikutundikwa kwenye msumari wala kufichwa chini ya godoro, maana mtoto hujua maficho ya nyumba kuliko mwenye nyumba. Mume na mke kila mmoja alivaa wake shingoni. Na Kifungo alifundishwa mpaka akawa anayasema usingizini: ukikiona usiguse, ondoka, mwite mtu mzima. Kamanda mtaa ukambadilishia jina. Wakamwita Betri. Safari hii alielewa.

Sare ile mama hakuitia kiraka wala hakuitupa. Alishona nyingine. Ile aliitundika pale pale, na kila mwaka mpya wa shule alimsimamisha mwanawe mbele yake kumpima. Alipokuwa na miaka sita tundu lilikuwa kwenye moyo. Miaka minane, limeshuka mbavuni. Miaka kumi, kitovuni.

Siku hiyo ya kitovu, saa nane mchana, mama akiwa na futi mkononi, pua yake ikashtuka. Njiti ya kiberiti. Akageuka haraka kutazama sanduku. Limefungwa. Akashika shingo. Ufunguo upo.

"Mama," Kifungo alinong'ona, ameshakuwa msichana, na bado alijikuta ameziba masikio. "Si humu. Ni kule."

Ng'ambo ya ukuta wa uani, nyumba ya yule mdogo mtu, muuza vipuri, aliyekuwa na binti anayejifunza kutembea. Ti. Ti. Ti. Na juu ya mlio ule, sauti ya shemeji yake ikicheka, ikimwambia mtu:

"Acha woga wewe. Magazini ile pale mezani. Hii haina kitu, shika uone."

Mama aliing'oa sare kwenye msumari. Hakuvaa viatu. Alipita uani, akausukuma mlango wa shemeji yake kwa bega, na jambo la kwanza waliloliona waliokuwa ndani ni sare ndogo ya shule, imenyooshwa mbele kwa mikono miwili, na nyuma ya tundu lake, jicho la mwanamke likiwatazama.