Kipimajoto cha Tangi la Saba

Kila asubuhi ya likizo ile ya Aprili 1986, Mwihaki aliondoka kijijini Yamumbi pamoja na baba yake, Mzee Kinyanjui, wakaenda kwenye kituo cha kupozea maziwa. Kinyanjui alikuwa fundi wa umeme. Kituoni kulikuwa na matangi manane, na mlinzi alilazimika kuzunguka usiku kucha akifunua vifuniko ili ajue kama maziwa yangali baridi. Sasa Kinyanjui alitia kipimajoto ndani ya kila tangi, akavuta nyaya zote hadi kwenye ubao mmoja ofisini. Maziwa yakiwa baridi, taa ya tangi hilo ingekuwa ya kijani. Yakipata joto, ingegeuka nyekundu na kengele ingelia.

Mwihaki alikuwa wa kwanza darasani, na alihakikisha kila mtu anajua. Aliwadharau wafugaji kwa mabuti yao yenye matope. Zaidi ya wote alimdharau Okello, mwanafunzi mwenzake aliyekuja kusaidia, kwa sababu mama yake aliuza samaki sokoni, na kwa sababu Okello aliuliza kila jambo mara mbili.

"Hata mtoto wa nasari ameshaelewa," alimwambia.

Siku ya mwisho ya kazi, kabla ya kwenda mjini kununua fyuzi, Kinyanjui aliwaambia, "Gawaneni matangi. Chovyeni kila kipimajoto kwenye maji moto. Kengele ikilia, waya ni mzima."

Okello alichukua manne ya kwanza, akayajaribu yote, akaenda nyumbani. Mwihaki alijaribu la tano. Kengele ikalia. Akabetua midomo, akamwaga maji.

"Waya ni waya. Mmoja ukifanya kazi, zote zinafanya kazi."

Baba aliporudi aliuliza, "Mmejaribu yote?"

"Yote, Baba."

Asubuhi iliyofuata taa zote nane zilikuwa za kijani. Lakini dereva wa lori alipofungua tangi la saba apakie maziwa ya shule, harufu mbaya ilimfanya arudi nyuma. Mashine ya kupozea tangi hilo ilikuwa imezimika usiku. Maziwa ya wafugaji wa kijiji cha Sugoi yakamwagwa mtaroni.

Mama Jepchirchir, msimamizi wa kituo, aliwaita watoto mbele ya Kinyanjui. "Nani alijaribu tangi hili?"

"Okello," Mwihaki alijibu haraka. "Yeye huwa haelewi mambo."

Mama Jepchirchir akamtazama Okello toka kichwani hadi miguuni.

"Mtoto wa muuza samaki na mambo ya umeme, wapi na wapi? Toka hapa! Usirudi tena."

Okello akachukua sweta lake. Mlangoni alimtazama Mwihaki mara moja tu, jinsi mtu anavyotazama uchafu aliokanyaga njiani. Mwihaki hakuwa amewahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Uso ukamwaka moto.

"Mama, ngoja," alisema. "Tangi la saba lilikuwa langu. Sikulijaribu. La sita na la nane pia. Niliona ni kazi ya wajinga."

Baba yake hakumgombeza. Alisema tu, "Okello, rudi, tafadhali. Mwihaki, chemsha maji."

Okello akasimama mbele ya ubao. Mwihaki akachovya kipimajoto cha sita, kengele ikalia. Cha saba, kimya. Cha nane, kimya pia! Maziwa ya tangi la nane yalikuwa bado baridi, lakini kama mashine yake ingezimika, hakuna ambaye angejua. Kinyanjui akakaza nyaya zilizolegea, Mwihaki akachovya tena.

"Nyekundu!" Okello akapaza sauti, kengele ikilia.

"Kijana, nimekukosea," Mama Jepchirchir akamwambia.

"Sawa, Mama," Okello akajibu. Kisha akampa Mwihaki mgongo.

Kinyanjui akamgeukia binti yake. "Tungekuwa hatuna taa, mlinzi angefunua vifuniko, na tungejua mapema. Taa ambayo haijajaribiwa ni mbaya kuliko giza, maana inakuambia ulale. Nawe ulifanya vivyo hivyo uliponijibu 'yote'. Ukiulizwa kama kazi imekwisha, sema ulichokiona kwa macho yako, si unachodhania. Na ukikosea, usimtwike mwenzako. Sasa chukua brashi. Tangi la saba linanuka."