Karani wa Sukari ya Baba

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, binti alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha kwa taulo safi na kwenda chumba cha mbele, ambako baba yake, fundi cherehani, alifanyia kazi. Humo, kati ya marobota ya vitambaa na mabaki ya nyuzi, baba alikuwa ameshakaa kitini, kidole amekinyoosha na uso ameugeuzia ukutani.

"Uko tayari, baba?"

"Niko tayari, lakini usinitangazie. Choma tu."

"Jana si ulijichoma sindano ya cherehani ukacheka?"

"Ile ni sindano ya kazi, mwanangu. Hii ni ya hospitali, hatujazoeana. Haya, maliza kabla sijatoroka."

Binti alichoma ncha ya kidole, akagusisha tone la damu kwenye kijiti kilichochomekwa katika mashine ndogo ya kupimia sukari. Mashine ililia, ikaonyesha namba. Aliisoma kwa sauti, kisha akaiandika kwenye daftari la buluu. Kwa sababu ya kazi hiyo baba alimpachika jina la Karani, na muda si muda mama na hata wateja wakawa hawamwiti vingine.

Daftari lile lilikuwa la utafiti. Mtafiti kutoka kituo cha afya, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitafuta watu wazima wenye uzito uliopita kiasi na ugonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Alipompima baba kiuno, baba alivuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka.

"Fundi, pumua tu," alisema mtafiti akicheka.

"Wateja wangu hunifanyia hivihivi, dada. Leo zamu yangu!"

Mtafiti alieleza kwamba kituo kilitaka kujua jambo moja. Mgonjwa akipimwa nyumbani kila siku kwa msaada wa mtu wa familia, na daktari akirekebisha dawa kwa kufuata namba hizo, je, ataendelea vizuri kuliko yule anayesubiri kliniki ya kila mwezi? Watu sitini walikubali kushiriki. Kila baada ya wiki mbili mtafiti angepita kunakili namba na kumpelekea daktari. "Asubuhi, kabla ya kula, tunataka isizidi saba," alimwambia Karani. "Wewe andika unachokiona."

Siku za mwanzo Karani aliandika alichokiona. Kumi na moja. Kumi na tatu. Asubuhi moja ikatoka kumi na sita, na nyumba ikawaka moto.

"Kumi na sita!" mama alifoka kutoka jikoni. "Umekula nini jana? Niambie! Unataka kuniachia watoto?"

Baba alisusa chai, akashona kutwa nzima bila kupiga hata mluzi. Karani aliporudi kutoka shuleni alimkuta amelaza kipaji juu ya cherehani.

"Naona safari yangu itakuwa fupi, Karani wangu," alisema bila kuinua kichwa.

Kesho yake mashine ilionyesha kumi na tano. Baba alikuwa bado ameukazia macho ukuta. "Ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayengoja kuchapwa.

Karani aliifunika mashine kwa kiganja. "Nane," akasema. Akaandika nane.

"Nane!" Baba aligeuka, meno yote nje. "Mama Karani, umesikia? Nane!"

Alikusudia iwe siku ile moja tu. Lakini asubuhi iliyofuata baba alimsubiri huku akiimba, na Karani hakuwa na moyo wa kuukatisha wimbo ule. Aliandika nane tena, kisha saba, kisha nane. Baba naye, kwa kuona amepona, alianza kujipongeza. Soda moja mchana, halafu mbili. Matembezi ya jioni aliyoambiwa afanye akayaacha, akisema mtu mwenye saba hana haja ya kuzurura barabarani.

Namba za kweli zilizidi kupanda, na Karani peke yake ndiye aliyezijua. Kila alipomwona baba akigugumia jagi la maji na kukimbilia chooni, alijua ni ile sukari iliyopanda. Darasani mwalimu alimwuliza swali akajibu la swali jingine, wenzake wakaangua kicheko. Alipopiga magoti kusali, alimwomba Mungu aishushe sukari ya baba ilingane na zile namba alizoandika. Hata yeye mwenyewe alilionea aibu ombi hilo, akanyanyuka bila kusema amina.

Mtafiti alipokuja kunakili namba, alipitisha kidole juu ya ukurasa na kutabasamu. "Hongera, fundi. Daktari hatabadilisha dawa. Natamani nyumba zote zingekuwa kama hii."

"Mshukuru Karani," alisema baba. Karani alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Alhamisi moja, baada ya masomo, Karani alikuwa akifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Baba alikuwa anashona, miguu peku, akiukanyaga ubao wa cherehani juu chini, juu chini. Ndipo Karani alipoona kitu kinang'aa kwenye wayo wa kulia. Ilikuwa pini ya kushikizia vitambaa. Imezama mwilini, kimebaki kichwa tu. Pembeni yake damu ilikuwa imeganda, na ngozi imevimba na kuwa nyekundu.

"Baba! Simamisha mguu!"

"Kuna nini? Nyoka?"

"Una pini mguuni!"

"Wapi? Mbona sisikii kitu?" Baba alicheka, akaupandisha mguu juu ya goti. Alipoiona pini, kicheko kilimwisha. Aliichomoa taratibu, wala hakukunja uso. Mama alikuja mbio kutoka uani, akashika mdomo.

"Twende kituo cha afya," mama alisema. "Sasa hivi."

"Kwa pini? Wanicheke? Nina gauni la arusi la kumaliza." Baba aliokota kitambaa akaanza kuufunga mguu. "Wanasema mwenye sukari kali ndiye wa kuogopa kidonda. Mimi leo asubuhi nina saba. Kitapona chenyewe."

Karani alisimama na fagio mkononi. Aliona wazi kwamba kinachomzuia baba asiende kutibiwa si gauni la arusi, bali ile saba. Na saba ilikuwa yake.

"Baba, si saba."

"Nini?"

"Leo asubuhi ilikuwa kumi na nane. Nilikudanganya." Machozi yalishaanza. "Nimekuwa nikikudanganya kila siku."

Baba aliacha kuufunga mguu.

"Tangu lini?" aliuliza baba.

"Tangu kesho yake ile ya kumi na sita. Mama alipogomba, nawe ukasema safari yako fupi."

Mama aliketi juu ya robota la kitambaa. Karani alingoja kofi, au kelele.

"Niletee viatu," alisema baba hatimaye. "Na daftari."

Kituoni nesi alisafisha kidonda, kisha akagusa nyayo za baba kwa uzi mwembamba wa plastiki, hapa na pale, huku baba amefumba macho. "Sema unapohisi." Katika sehemu kumi, baba alihisi sita tu. Nesi alieleza kuwa sukari iliyokaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukaumia bila mwenyewe kujua. Daktari aliongeza dawa za sukari, akampa za kidonda, akamwagiza arudi kusafishwa kila baada ya siku mbili. Mtafiti naye aliitwa.

Karani alimkabidhi daftari kwa mikono miwili. "Dada, naomba nizichane hizo kurasa. Nimeuharibu utafiti wako."

"Hatuchani," alijibu mtafiti. "Wala hatufuti. Tunapiga mstari mmoja ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, tunaeleza kilichotokea, kisha tunaweka sahihi. Mashine hii inatunza namba zote. Tungezisoma kwenye kompyuta mwisho wa utafiti, miezi miwili ijayo, na kukugundua." Aliutazama mguu wa baba. "Lakini mguu huu usingetungoja."

Karani alipiga mstari juu ya namba za wiki tatu nzima. Chini yake akaandika: "Namba hizi si za kweli. Niliziandika mimi kwa sababu niliogopa." Baba aliomba kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake mkubwa: "Nami sikutazama."

Kidonda kilichukua wiki tano. Soda zilikoma, matembezi ya jioni yakarudi pole pole kadiri mguu ulivyoruhusu, na siku mashine iliposema kumi na nne, mama alishusha pumzi na kuuliza tu, "Haya, leo tufanye nini?" Ilikuja kumi na moja, ikaja tisa. Nane ya kweli ilipotokea, hakuna aliyeruka. Walikuwa na haraka ya kuwahi kliniki.

Kwenye benchi, wakingoja zamu yao, Karani aliuliza, "Baba, ulinisamehe lini?"

"Siku ileile, njiani kuja hapa. Nilikasirika, sitakuficha. Halafu nikajiuliza, huyu mtoto alijifunzia wapi kuogopa namba? Alijifunza kwetu. Sisi wakubwa tuligombana na mashine badala ya kugombana na ugonjwa." Alimwekea mkono begani. "Lakini sikia, Karani. Daktari hanioni mimi nikiwa nyumbani, anaona ulichoandika. Ukiniandika mzima, atanitibu kama mzima, nami nitakufa nikiwa mzima kwenye daftari. Ukweli hata ukiniliza, niletee. Nitalia, nitafuta machozi, kisha nitameza dawa inayonifaa."

"Fundi cherehani!" aliita nesi mlangoni.

Baba aliinuka, na Karani akatangulia kumfungulia mlango.