Kijiko Kilichotembea Peke Yake

Kila siku akitoka chuoni kusoma Kurani, Mwanawema alipitia uwanja wa dagaa wa Tumbe kabla ya kwenda nyumbani. Alitundika mkoba wake wa juzuu kwenye msumari wa banda la magunia, akafunga kanga kiunoni, kisha akaanza kazi aliyopewa na mama yake. Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha kijiko.

Kijiko hicho hakikuwa cha kulia. Kilikuwa mashine ndogo ya umeme yenye magurudumu manne na bakuli kubwa la chuma mbele, la kuzolea na kubebea mizigo. Ushirika wa kinamama ulikipata kwa msaada wa mradi mmoja, na Zulekha, mama yake Mwanawema, ndiye aliyefundishwa kukiendesha. Kilibeba dagaa, kuni na chumvi, mizigo ambayo zamani kinamama waliibeba kichwani mpaka shingo zikawauma.

Lakini kijiko kile hakikutoa moshi wala hakikunguruma. Kilipita nyuma ya watu kimya kabisa, na mtu alijua kuwa kipo pale tu aliposikia kokoto zikisagika karibu na visigino vyake. Mzee Jaribu, mlinzi wa uwanja, hakuupenda ukimya huo.

"Gari likija, unalisikia," alikuwa akisema. "Hata punda anakohoa. Hiki kinakuja kama mtu asiyetaka kuonekana."

Kila akisema hivyo, macho yake yaliteremka kule chini, mahali uwanja ulipoishia. Kulikuwa na kisima cha zamani huko, kilichochimbwa na bwana mmoja aliyemiliki shamba lile enzi za mababu. Maji yake yalikuwa ya chumvi na hakuna aliyeyanywa. Watu walisema kisima kile kina mwenyewe. Ukiwauliza ni nani huyo mwenyewe, walibadilisha mazungumzo.

Siku ya kwanza ya kazi, Zulekha alimwonyesha binti yake kila kitu. "Brashi na kitambaa kikavu," alimwambia. "Unga wa chumvi na magamba uyatoe kila pembe, hasa chini ya kiti na hapa kwenye mkono wa kuendeshea. Maji usitie hata tone. Kiti hiki usikikalie. Na ukiona jambo lolote baya, bonyeza kitufe hiki chekundu nyuma ya kiti. Kinakata umeme wote."

"Kwa nini nisitie maji, mama?"

"Maji yakiingia kwenye nyaya, mashine inaharibika. Ndivyo nilivyofundishwa."

Mwanawema alifuata maneno hayo vizuri hadi msimu wa dagaa ulipopamba moto. Magamba yakaganda kwenye chuma kama gundi, na kuyapangusa kwa brashi kukamchukua muda mrefu. Wenzake walikuwa wakicheza nage nyuma ya skuli, na vicheko vyao vilimfikia pale pale alipopiga magoti na brashi yake.

Alasiri moja uvumilivu ulimwisha. Alikwenda kwenye mfereji wa maji ya bomba, akaukuta mkavu. Akatazama kule kisimani. Pembeni yake palikuwa na ndoo kuukuu yenye kamba. Uwanja ulikuwa umebaki mtupu. Hata kunguru waliozoea kuiba dagaa kwenye vichanja hawakuwepo. Mwanawema aliteremsha ndoo. Ilipogusa maji, sauti ilipanda kutoka chini, sauti nzito ya kitu kinachomeza. Akavuta kamba haraka haraka, akapanda na ndoo yake, akakimwagia kijiko maji tangu kitini mpaka magurudumuni. Magamba yakateremka yenyewe.

Mama yake alipokuja alikuta kijiko kinang'aa. "Leo umefanya kazi, mwanangu," alisema.

Mwanawema alitabasamu. Tangu siku hiyo akawa anateka maji kisimani kila alasiri, halafu anakimbilia nage.

Hazikupita siku nyingi mambo yakaanza.

Asubuhi moja ya ukungu, Mzee Jaribu alikuta kijiko hakipo mahali pake karibu na banda. Kilikuwa kimesimama katikati ya uwanja, betri imekwisha, na bakuli lake limeelekea kisimani. Zulekha aliapa kuwa alikiacha kando ya banda. Siku nyingine, wakati wa sala ya adhuhuri, taa zake ziliwaka na kuzimika, zikawaka tena, na hapakuwa na mtu karibu yake. Habari zikaenea kijijini. Wakati wa kazi, kinamama wakaanza kugeuka geuka kutazama nyuma yao. Wengine waliacha kabisa kuja.

Kisha Mwanawema akaona kwa macho yake.

Ilikuwa alasiri yenye manyunyu. Mama yake alikuwa ameteremka kwenye kijiko akaenda kusali. Mwanawema alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, brashi mkononi, kwa sababu tangu minong'ono ianze hakuwa na hamu ya kukaribia kisima. Kijiko kilitoa mlio mdogo, *tii*, kama mtu anayevuta pumzi. Magurudumu yakajizungusha kidogo. Kikasimama. Yakajizungusha tena. Matone ya mvua yalikuwa yakitiririka kwenye kiti kitupu, na mkono wa kuendeshea ulikuwa umetulia tuli, lakini kijiko kilikuwa kinateremka kuelekea kisimani.

Mwanawema alikimbia mpaka nyumbani bila kuchukua mkoba wake; baadaye alisikia kuwa kijiko kilikutwa kimesimama katikati ya mteremko. Usiku hakula. Alilala amejifunika shuka gubigubi, akiwaza jambo moja tu: mwenye kisima ameibiwa maji yake, na sasa anayadai. Angewezaje kusema? Akisema, watu watajua kuwa yeye ndiye aliyemwamsha. Akanyamaza, na kunyamaza kukazidi kumtisha.

Bi Asya, mwenyekiti wa ushirika, aliita watu uwanjani. Alikuwa mama wa makamo, mpole, ila safari hii uso wake ulikuwa umekunjamana. "Tutasoma dua," alisema. "Na fundi nimemwita kutoka Chake Chake, atafika kesho. Asipopata kitu, tutakirudisha kijiko. Siwezi kuwalazimisha watu wafanye kazi na woga."

Zulekha aliinamisha kichwa. Tayari wengine walikuwa wakisema pembeni kuwa yeye ndiye aliyekuja na balaa, kwa kuwa ni yeye aliyekiendesha. Mwanawema aliwasikia, na moyo ukamuuma. Mdomo, hata hivyo, haukufunguka.

Dua ilisomwa siku ile ile baada ya alasiri. Udi ukafukizwa, moshi ukatanda chini chini juu ya vichanja. Asubuhi Zulekha alikuwa amekitumia kijiko kubeba majamvi, akakiacha kando ya banda. Watu walipomaliza kusoma walikaa upande wa pili wa uwanja wakila wali, migongo yao ikielekea kisimani, kwa sababu hakuna aliyetaka kukitazama.

Mwanawema hakuona njaa. Alimtafuta mdogo wake, Fahd, mtoto wa miaka minne, ambaye kila mahali kwake ni kitanda. Akamwona kule chini. Alikuwa amejilaza juu ya magunia matupu mbele ya ukuta mfupi wa kisima, usingizi umemchukua.

*Tii.*

Kijiko kiliondoka kando ya banda. Safari hii hakikusita. Kiliteremka polepole, kimya, bakuli limeinuliwa kidogo kutoka chini, kikienda moja kwa moja kwenye magunia. Wale watu wote waliokuwa wakila nyuma ya Mwanawema hawakusikia kitu, maana hapakuwa na kitu cha kusikika.

Miguu ilimtangulia kabla hajaamua. Alikimbia sambamba na kijiko, karibu kabisa na kile kiti. Kilikuwa kitupu, lakini alikiogopa kama kuna mtu amekaa anamtazama. Akafumba macho, akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akapapasa chuma kilicholowa, akapata kitufe, akakibonyeza kwa nguvu zake zote.

Kijiko kikasimama. Ukingo wa bakuli ulikuwa umeligusa gunia alilolalia Fahd. Mtoto aligeuka upande wa pili akaendelea kulala.

Hapo ndipo Mwanawema alipopiga kelele, na watu wote wakageuka.

Asubuhi iliyofuata alifika Fundi Widad kutoka Chake Chake, mwanamke kijana aliyevaa ovaroli juu ya suruali na mtandio uliofungwa nyuma ya shingo. Alimwamkia Mzee Jaribu, akawaamkia kinamama wote, kisha akasikiliza kisa chote bila kucheka na bila kumkatiza mtu. Alikunja mikono ya ovaroli, akachomoa nyaya za betri kwanza, ndipo akafungua kiti.

Alichungulia ndani. Kisha akamwita Zulekha. "Njoo uone, dada."

Chini ya kiti nyaya zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, na chumvi nyeupe imejaa kwenye viungio vyake.

"Hapa chini ya kiti kuna swichi," Fundi Widad alieleza. "Dereva akikaa, swichi inabonyea, na mashine inajua kuna mtu. Akiinuka, umeme wa magurudumu unakatika. Ni kinga. Sasa maji ya chumvi yameziunganisha nyaya za swichi hii. Kiti kitupu, lakini mashine inaamini kuna mtu amekaa."

Mzee Jaribu alirudi nyuma hatua moja.

"Na zile nyaya za mkono wa kuendeshea nazo zimeliwa hivyo hivyo," fundi aliendelea. "Zinatuma amri ambayo hakuna aliyeitoa."

"Lakini kwa nini kiende kisimani?" aliuliza Bi Asya.

"Uwanja wote umeinama upande huo, mama. Hata mpira ungeenda huko. Ninachotaka kujua ni haya maji yametoka wapi. Mvua peke yake haileti chumvi nyingi namna hii. Nani anakiosha?"

"Hakioshwi," Zulekha alijibu. "Tunakipangusa kwa kitambaa kikavu. Binti yangu ndiye anayekipangusa."

Fundi Widad hakumgeukia mtoto. Aliinama akaendelea kukwangua chumvi kwa bisibisi. Mzee Jaribu akasema kwa sauti ya chini, "Basi ni yule mwenyewe. Miye nilisema tangu mwanzo."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwanawema aliona jinsi jambo lile lilivyokuwa karibu kwisha. Hakuna ambaye angemuuliza tena. Akamtazama Fahd, aliyekuwa amekaa begani kwa mama yake akinyonya kidole.

"Ni mimi," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi aseme tena. "Ni mimi niliyekitia maji. Maji ya kisimani. Kila siku. Brashi ilinichosha, nilitaka kwenda kucheza." Kisha machozi yakamtoka, akayasema na yale mengine: sauti aliyoisikia kisimani, na jinsi alivyodhani kuwa mwenyewe anadai maji yake.

Mwanawema alisubiri mama yake amkaripie. Zulekha alimteremsha Fahd, akatia mkono kwenye swichi ya kuwashia kijiko, akachomoa ufunguo.

"Na huu ni wangu," alisema mbele ya watu. "Nimefundishwa kuwa nikiteremka nishushe bakuli mpaka liguse ardhi, nikaze breki, nizime, nichomoe ufunguo niwe nao. Lakini kwa kuwa hakingurumi, nilikuwa nasahau kuwa kiko wazi. Nikateremka tu kama naondoka kwenye kiti cha nyumbani. Bila ya ufunguo huu, maji yale yasingekitembeza popote."

Fundi Widad aliinua kichwa. "Mmenisaidia nyote wawili," alisema. "Ningebadilisha nyaya hizi leo, nikarudi zangu Chake, na baada ya mwezi zingeoza tena."

Nyaya zilibadilishwa, na ukaguzi mpya ukaanza. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Zulekha aliinuka kitini kwa makusudi ili ahakikishe kuwa magurudumu yanakataa kwenda, akajaribu breki, akajaribu kitufe chekundu. Bi Asya aliagiza king'ora kidogo cha kulia kila kijiko kinapotembea, na watoto wadogo wakakatazwa kuingia uwanjani. Kazi ya Mwanawema ikabaki ile ile ya brashi na kitambaa kikavu, ila sasa mama yake alishika brashi ya pili.

Jioni ya siku ile ya fundi, walipokuwa wakirudi nyumbani, Mwanawema aliuliza, "Mama, hukunikasirikia?"

"Nimekukasirikia sana," Zulekha alijibu. "Mashine yenye nguvu haitaki njia ya mkato, na karibu tumpoteze Fahd kwa uvivu wako na usahaulifu wangu. Lakini sikiliza. Ungenyamaza leo, watu wangeridhika. Wangemtwika jini lawama, wangefukiza udi, na kijiko kingeondoka tena siku nyingine. Kosa ukilificha linaendelea kufanya kazi kimya kimya, wala hujui litamfikia nani. Ukilisema, mtu anaweza kulitengeneza. Umeogopa, na umesema hivyo hivyo na woga wako. Hilo ndilo ninalotaka ulishike."

Mwanawema alimchukua Fahd, aliyekuwa ameanza kusinzia, akamlaza begani.

"Haya, tukaze mwendo," alisema mama yake. "Maghribi imekaribia, na hatujapika."